Shuka la Kumi na Tatu

Waliosoma wiki iliyopita waliniacha nje ya ofisi ya mwendesha mashtaka, hati ya kuitwa shahidi mkononi, jua la saa saba likiniwakia utosini na miguu ikiniganda kwa baridi. Ambao hawakusoma nitawafupishia. Balaa langu ni refu lakini linakunjika.

Nilikuwa tabibu kwenye meli ya doria. Si daktari, tusidanganyane. Nilifundishwa kushona vidonda, kudunga sindano na kupima presha, basi. Mabaharia waliniita Dokta Plasta kwa sababu ugonjwa wowote, hata wa tumbo, nilianza kwa kutafuta plasta.

Safari ile tulikuwa bahari kuu, mwendo wa siku sita kutoka bandarini kwetu, tulipoisimamisha meli ndogo ya mizigo ambayo jina lake lilikuwa limefutwa kwa rangi. Ndani mlikuwa na watu kumi na mmoja na magunia ya heroini. Walipotuona wakaanza kuyatupa majini, kila gunia limefungiwa chuma ili lizame. Kamba ya gunia moja ikamnasa baharia wao mmoja mguuni, ikamburuta, ikambamiza kwenye ukingo wa sitaha. Mbavu zikaingia ndani.

Nilikaa naye saa tano kwenye chumba changu cha matibabu. Kaka yake, aliyekuwa baharia kwenye chombo hichohicho, aliruhusiwa kukaa naye akiwa na pingu. Mdogo mtu alikufa ameshika kola ya shati langu, ikabidi nimbandue vidole kimoja kimoja.

Tukamzika baharini. Niliandika hapahapa, wiki iliyopita, kwamba nilimshonea sanda kwa shuka jeupe la meli. Wasomaji wawili walituma rambirambi, na mama mmoja aliandika kwamba mikono yangu itabarikiwa.

Mama, nisamehe. Shuka halikuwepo.

Nimelisema neno hilo mara nyingi mno, mpaka kalamu inaliandika bila kuniuliza. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nimechoka kuwa tasa. Nitawaeleza ilivyokuwa.

Kwa kawaida maiti ilipaswa kurudi nasi nchi kavu. Chumba cha baridi tulikuwa nacho. Shida ni kwamba ndicho kilichokuwa chumba pekee chenye mlango wa chuma na kufuli, na nahodha wetu alikuwa ameshaweka humo magunia thelathini na moja tuliyoyawahi, akapiga lakiri juu ya kufuli. Kielelezo kikishafungiwa hakifunguliwi njiani. Kikifunguliwa, mawakili watauliza aliingia nani na alitoka na nini. Hata nyama yetu ilitolewa kupisha magunia, tukaila siku mbili mfululizo kama watu wa arusi.

Kwa hiyo ushahidi ulilala kwenye baridi, mtu akabaki kwenye joto. Baada ya saa chache nahodha akasema hatuwezi kungoja. Akanipa turubai kuukuu la kumfungia. Lilikuwa gumu na limelowa mafuta ya injini, na mimi sikutaka limguse ngozi.

Kabatini nilikuwa na mashuka kumi na mawili. Na hapo ndipo ubahili wangu ulipoharibu mambo, tena hata haukuwa ubahili wa mali yangu. Stoo walitukabidhi mashuka kumi na mawili na walitaka kumi na mawili. Likipungua moja unajaza fomu ya kurasa nne, unaitwa, unaeleza, unaitwa tena. Mwaka uliotangulia nilipoteza beseni, nikaandikiana barua na stoo miezi minane. Nilisimama mbele ya kabati, mkono juu ya shuka la kwanza, nikiwaza fomu. Mtu amekufa na mimi nawaza fomu.

Kaka mtu aliniona nikisita. Akafungua kifurushi cha nguo alichoruhusiwa kuja nacho, akatoa kitambaa kizito kilichokunjwa vizuri.

"Mfunge na hiki," akasema. "Hiki ni chetu."

Nikakikunjua. Ilikuwa bendera. Ilikuwa na mistari mitatu, na kwenye pindo, kwa wino usiofutika, waliandika jina la bandari na namba ya usajili wa chombo. Sitajitetea kwamba nilidhani ni pazia. Namba ile niliisoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kisha nikashukuru moyoni kwamba shuka langu limepona.

Ilikuwa fupi. Nikimfunika kichwa, miguu inabaki nje; nikifunika miguu, kichwa kinachungulia. Mwisho nikavua soksi zangu za sufu nikamvisha. Kaka mtu alinitazama nikizivuta mpaka juu ya vifundo. Nikashona kwa uzi wa vidonda, mishono sitini na miwili. Juu yake nikazungushia lile turubai, tukamfungia minyororo, nahodha akasoma maneno, tukamteremsha. Hakuna mwingine aliyeona ndani ya turubai mlikuwa na nini.

Kisha nikajaza hati ya mazishi kwa mwandiko wangu mzuri: saa, mahali, kina cha maji. Toka siku ile miguu yangu haijapata joto.

Sasa turudi mlangoni kwa mwendesha mashtaka.

Alikuwa mama wa makamo, na sisi mashahidi tulimwita Mama Kifungu, maana hakuweza kuagiza hata chai bila kutaja kifungu na kifungu kidogo. Ofisi yake ilikuwa na feni moja iliyopepea majalada badala ya watu. Nilikwenda nimejiandaa kuulizwa habari za mbavu. Mbavu hazikumshughulisha.

"Dawa tunazo, na watu tunao," akasema. "Lakini walikamatwa mahali pasipo na mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama wana hatia, jaji atauliza kama sisi tuna haki ya kuwashtaki."

Akanielewesha taratibu. Huko bahari kuu kila chombo ni kama nyumba ya nchi ambayo bendera yake kimebeba, na nyumba ya mtu huingii bila hodi. Unaiomba ruhusa nchi ile. Ikikubali unapekua, ikikataa unakisindikiza kwa macho. Chombo kisicho na bendera kabisa ndicho kisicho na baba, na hicho yeyote anaweza kukishika sikio. Sisi hatukumwomba mtu ruhusa. Tuliingia kwa sababu nahodha aliripoti kwamba hapakuwa na bendera wala nyaraka, na nahodha wa chombo kile alipoulizwa ni wa wapi alinyamaza. Alimwogopa mwenye mzigo kuliko alivyotuogopa sisi.

Nikauliza washtakiwa wenyewe sasa wanasemaje.

Akasema washtakiwa tisa wameapa kwamba bendera ilikuwepo, na kwamba nahodha wao aliamuru ifichwe walipotuona. Mshtakiwa wa sita peke yake anasema hajui. Lakini chombo chenyewe kilizama siku ya pili tukikiburuta, na bendera hakuna anayeweza kuionyesha. Akavua miwani akaifuta.

"Ikionekana, Dokta, tena ikiwa na namba ya usajili, kesi inafia mlangoni. Kumi wote wanarudi makwao na nauli tunawapa sisi."

Nilitaka kusema. Lakini kwenye maelezo yangu ya polisi, siku ile tuliyofika bandarini, nilikuwa nimeshaandika shuka na kuweka sahihi. Wakati ule sikujua kwamba bendera ina uzito wowote. Niliandika shuka kwa sababu niliona aibu kuandika kwamba nilimnyima maiti shuka la serikali. Uongo wangu ulizaliwa mdogo hivyo.

"Wewe uliiona bendera?" Mama Kifungu akaniuliza.

"Sikuiona ikipepea, mama."

Akachukua kalamu. Kisha akaandika, na mimi nikasoma karatasi kichwa chini miguu juu: shahidi hakuona bendera. Mpaka leo sijui kama alilisikia lile neno "ikipepea".

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Alikuwa akianika nguo uani. Mashuka mabichi yalikuwa yamening'inia kwenye kamba na mimi nilikuwa nimesimama kuyapa mgongo, kwa kuwa siku hizo nikitazama nguo mbichi zinazotikiswa na upepo nilikuwa naona vidole vya miguu vimejitokeza chini ya pindo. Sioni uso wala mkono. Naona vidole kumi vya miguu, vinangoja soksi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, vibanio vya nguo mdomoni. Nyinyi mnaofuata mkasa huu tangu mwanzo mnakumbuka mdogo wake, shemeji yangu, yule tuliyemkuta chooni amekufa na sindano ikiwa bado mkononi. Mke wangu hakusahau hata siku moja.

Alitoa vibanio mdomoni. "Rangi zimeshafutika na maji ya chumvi," akasema. "Shuka ni shuka. Nenda kaseme shuka."

Jioni nikanunua soksi jozi sita. Nilivaa mbili juu ya mbili na bado nilitetemeka, mke wangu akanicheka kwamba nimeota miguu ya tembo. Nilicheka pamoja naye. Ndicho kilichokuwa kicheko changu cha mwisho mwaka ule.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa. Jaji alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Washtakiwa kumi walipangwa kizimbani safu mbili. Wa sita, kaka mtu, alikuwa amekonda na nywele zimeingia mvi. Sikumtazama tena. Nilihisi tu kwamba ananitazama miguu.

Niliapa. Mama Kifungu akaniuliza maswali yake manne, nikajibu vizuri. Nilimfungaje marehemu? Kwa shuka la meli, kisha turubai. Akasema ahsante, akakaa.

Akainuka wakili wa utetezi. Huyu tulimwita Mzee Taratibu. Alitembea taratibu, aliongea taratibu, na mtu aliweza kufa njaa akingoja amalize sentensi. Wengi walimdharau kwa hilo. Nami nilimdharau, mpaka alipofika mbele yangu na karatasi moja tu mkononi.

"Shahidi," akasema, "wewe ni mtu wa utaratibu?"

Nikasema najitahidi.

Akausifu mwandiko wangu. Akasema amefanya kazi miaka thelathini na hajaona tabibu mwenye mwandiko unaosomeka. Watu wakacheka kidogo, na mimi, mpumbavu, nikatabasamu. Akanipa karatasi. Ilikuwa fomu ya kurudisha vifaa stoo, imejazwa na mimi, sahihi yangu chini.

"Tusomee mstari wa saba."

"Mashuka," nikasoma. "Yaliyochukuliwa, kumi na mawili. Yaliyorudishwa, kumi na mawili. Yamefuliwa."

Nililisoma hata hilo la kufuliwa. Hakuna aliyeniomba.

Mzee Taratibu akaichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Ulitoka na mashuka kumi na mawili, ukarudi na kumi na mawili. Na umeapa asubuhi hii kwamba marehemu amelala chini ya bahari na shuka la meli. Hilo ni shuka la kumi na tatu. Lilitoka wapi?"

Mama Kifungu aliruka akapinga. Alisema tuko hapa kwa ajili ya mamlaka ya mahakama na dawa za kulevya, si mashuka, na wahenga walishasema maiti haulizwi sanda.

"Ndiyo maana namuuliza aliyeishona," Mzee Taratibu akajibu.

Jaji akashusha miwani ya paji la uso juu ya ile ya puani. Akasema swali ni halali na shahidi ajibu.

Niliutazama ulimi wangu kwa ndani, ukanitazama. Nilisikia uzi ukipita kwenye kitambaa kizito, mshono baada ya mshono, na nilijua kwamba mishono ikifika sitini na miwili nitasema kweli, kwa kuwa hakuna kingine kitakachobaki.

Nilifika hamsini. Kizimbani kukasikika kishindo. Mshtakiwa wa sita ameanguka.

Jaji akaahirisha kwa nusu saa. Askari wakamburuta kwenye chumba kidogo cha mahabusu nyuma ya ukumbi, na kwa kuwa daktari wa mahakama hakuwepo, mmoja akanishika bega. "Si wewe ni daktari?" Nikamwambia mimi ni plasta tu. Hakuelewa, akanisukuma ndani, akasimama mlangoni akitupa mgongo.

Kilikuwa chumba cha benchi moja la saruji. Nikamshika mkono nikapima mapigo. Sabini na mawili kwa dakika. Yalikuwa mapigo ya mtu aliyepumzika barazani kwake.

"Hukuzimia," nikamnong'oneza.

"Na wewe hukuwa na jibu," akasema, macho bado ameyafumba.

Nikamuuliza kwa nini. Kwa nini miezi kumi na minne anasema hajui, na sasa anajiangusha ili nisiseme, wakati neno moja lake lingewarudisha wote nyumbani. Wenzake tisa wangembeba mabegani.

Alifumbua macho. Akaniambia kwamba yeye alikuwa mtu mzima na mdogo wake ana miaka tisa baba yao alipofariki. Baada ya miaka miwili ikazuka kesi ya urithi, ndugu wakasema mzee alilishwa sumu, na mahakama ikaamuru afukuliwe. Walifukua mchana kweupe, watu wamezunguka. Walimweka juu ya meza ya kukunja. Mdogo wake aliona. Mwaka mzima hakusema na mtu, na siku aliyofungua mdomo alisema neno moja tu: kaka, mimi nikifa usikubali wanitoe.

"Nikaapa," akasema. "Sasa nimekaa humu nimewaona hawa watu. Maneno hawayataki. Kila kitu kiletwe mezani, kipewe namba. Nikisema bendera ipo, wataitaka."

"Lakini ni baharini," nikasema.

"Nahodha wetu alituambia tutupe magunia pale kwa sababu maji si marefu, tutarudi kuyatoa. Magunia yakitoka, na mdogo wangu atatoka." Akanishika kiganja, kilekile nilichompimia mapigo. "Nyinyi mna meli kubwa, mna wapiga mbizi, niliwaona. Wewe ni mtu wa serikali, lakini ulimvisha mdogo wangu soksi zako. Hutanidanganya. Wanaweza kumtoa?"

Wasomaji, mimi nilikuwa najua. Nahodha wao aliwadanganya ili watupe haraka. Kina nilikiandika kwa mkono wangu kwenye hati ya mazishi: mita elfu tatu na mia nne. Wapiga mbizi wetu walikuwa wanashuka mita arobaini, na wakipanda walikuja kwangu kulalamikia masikio. Kiapo chake kilikuwa salama pale chini kuliko kaburi lolote la nchi kavu.

Nilihitaji kusema hapana tu. Angeinuka, angerudi kizimbani, angesema yote. Kumi wangekwenda nyumbani, na mimi ningebaki kujibu uongo niliosema chini ya kiapo.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimfikiria shemeji yangu. Ingekuwa sababu nzuri. Nilifikiria kurasa nne za fomu, nahodha akiisoma, mke wangu akiniletea chakula gerezani. Nilijifikiria mimi.

"Wanaweza," nikasema.

Alifumba macho tena.

"Basi sikiliza," akasema. "Sema lilikuwa shuka lako mwenyewe, ulitoka nalo kwako. Sema lina maua. Watu huamini kitu chenye maua. Mimi wakiniuliza nitasema nililiona."

Nikamkumbusha kwamba akisema hivyo atafungwa miaka thelathini.

"Najua kuhesabu," akasema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kutoa shukrani mlangoni: "Mdogo wangu alikuwa mtu wa baridi sana. Utotoni alikuwa akilala ameweka miguu tumboni kwangu. Zile soksi zilikuwa nzito, ee?"

Nikamwambia zilikuwa nzito. Hilo lilikuwa kweli, na nililishika kama mtu anayezama anavyoshika ubao.

Askari akageuka akasema muda umekwisha.

Jaji alipokaa, aliniuliza yeye mwenyewe. Akanikumbusha kwamba bado niko chini ya kiapo. Shuka la kumi na tatu lilitoka wapi?

"Lilikuwa langu, Mheshimiwa," nikasema. "La nyumbani; nililiita la meli kwa mazoea tu. Lina maua."

Mama Kifungu akashusha pumzi. Nyuma ukumbini mke wangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kununua shuka la maua, akainamisha kichwa. Na kizimbani mshtakiwa wa sita akanitikisia kichwa taratibu, kunipa moyo, kama kaka anavyomtazama mdogo wake aliyeitwa mbele ya darasa.

Nilidhani yamekwisha. Nilianza hata kushuka.

"Bado kidogo, shahidi," Mzee Taratibu akasema. Alikuwa amesimama palepale, na mkononi sasa alikuwa na karatasi nyingine. Niliitambua kabla hajafika, kwa mwandiko. "Tumeshajua alivaa nini. Sasa mahakama ijue mlikuwa wapi, maana mahali ndipo kesi yetu ilipo. Hii ni hati ya mazishi. Tusomee yote, polepole, kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho."

Nikaipokea. Nikasoma saa. Nikasoma mahali. Mstari wa mwisho ulikuwa kina cha maji.

Nikainua macho. Mshtakiwa wa sita alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya ukingo wa kizimba, ametega sikio asikie mdogo wake amelala wapi.